Si kila mtandao unapozorota Mwanza ni mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Wiki iliyopita gazeti lako lilichapisha maelezo ya mtoa huduma mmoja wa intaneti hapa jijini, kwamba mtandao unasuasua kwa sababu ya mvua na "hali ya ziwa". Mvua naikubali. Ziwa nalo limesingiziwa mengi. Mimi kazi yangu ni kupanda minara na kufunga redio za mawimbi ya milimita, kutoka Igoma mpaka Nyegezi, na kuna sababu ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji kamwe kwa kuwa imo ndani ya redio waliyoiuza wenyewe. Inaitwa kelele ya fezi, yaani kuyumba kwa pembe ya mawimbi kunakoanzia kwenye redio yenyewe. Wanaoandaa zabuni za shule, zahanati na halmashauri waifahamu kabla hawajasaini mkataba mwingine.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda wakauliza kwa nini mji wetu una redio nyingi hivyo juu ya paa. Jibu ni mawe. Mkongo wa Taifa ulishafika Mwanza siku nyingi, lakini kuutoa barabarani na kuupandisha Bugarika au Mabatini ni kuchimba mtaro kwenye itale tupu, katikati ya nyumba zilizobanana mpaka toroli halipiti. Kwa hiyo tunaruka. Tunafunga redio na kidishi kwenye jengo lenye faiba chini, tunafunga nyingine juu ya mlima, na mzigo wote wa mnara wa simu, wa mawakala wa pesa, wa shule na wa zahanati unapita hewani. Redio hizi hutumia masafa ya jigahezi 71 hadi 76 na 81 hadi 86. Kwenye jigahezi 80 wimbi moja lina urefu wa milimita 3.75 tu. Uzuri wake ni nafasi: kila upande una jigahezi tano nzima, wakati linki za zamani tulizoea kugawana njia za megahezi 28 au 56. Ndiyo maana kidishi cha sentimita 30 kinaweza kubeba jigabiti kadhaa kwa sekunde.

Sasa mvua. Anayeishi hapa anajua kuwa dhoruba za ziwa hili hupenda usiku wa manane na alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana na unyevu juu ya maji. Mvua ya milimita 50 kwa saa inakula takriban desibeli 19 (desibeli ni kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu, kila tatu ni kama mara mbili au nusu) katika kila kilomita kwenye masafa haya, na linki ya kilomita mbili itaumia kweli. Lakini mvua ya ukali huo haikai kutwa, na ina alama yake: nguvu inayopokelewa inashuka, redio inapunguza mwendo yenyewe, wingu likipita inarudi. Fundi anaiona kwenye kumbukumbu za redio bila ubishi. Zile linki ndefu za kwenda visiwani ni habari nyingine. Hizo kwa kawaida hutumia masafa ya chini, jigahezi sita hadi nane, na huko maji hurudisha mawimbi juu kama yanavyotaka, hivyo ziwa lina hatia yake. Mimi nazungumzia linki fupi za mjini.

Nichukue mfano mmoja. Kuna ghala la vifaa vya uvuvi Kirumba, mzee mwenye ghala ana stoo ya pili mlimani na anategemea linki moja, chini ya kilomita mbili, kwa mashine za risiti, kamera na hesabu zake zote. Linki ilikuwa ikilegea mwezi wa saba, kiangazi kikavu, tena saa sita mchana jua likiwa utosini. Aliyemuuzia alimwambia ni mvua. Mzee akamwonyesha anga. Akaambiwa basi ni mvuke wa ziwa, na dawa yake ni dishi kubwa zaidi. Akauziwa dishi kubwa zaidi. Linki ikaendelea kulegea saa sita mchana, safari hii ikiwa na nguvu nyingi zaidi ya mwanzo.

Nilipoitwa nilifungua ukurasa wa redio. Huwa kuna namba mbili pale ambazo mteja yeyote anaweza kuzisoma. Moja ni nguvu inayopokelewa, nyingine ni usafi wa mawimbi baada ya redio kujaribu kuyasoma. Namba ya nguvu ilikuwa nzuri asubuhi, mchana na jioni, haikutikisika. Namba ya usafi ndiyo iliyokuwa ikiporomoka. Na redio, kwa kuwa imeundwa kujihami, ilikuwa ikishuka kutoka ngazi ya nukta 256 mpaka ngazi ya nukta 16. Nukta ni nafasi ambazo mpigo mmoja wa mawimbi unaweza kukaa; zikiwa nyingi, mpigo unabeba ujumbe mwingi zaidi. Kila mpigo wa ngazi ya 256 hubeba biti nane; wa ngazi ya 16 hubeba nne. Nusu ya uwezo aliolipia imeyeyuka, na hakuna tone la mvua.

Hapa ndipo panapohitaji maelezo, maana watu wengi, hata mafundi wenzangu, wanaamini kuwa mawimbi ni nguvu tu. Tazama karabai za wavuvi wa dagaa usiku usio na mwezi. Taa inawaka vizuri, unaiona kutoka mbali, lakini mtumbwi unayumba, na kama ungetakiwa kusema taa iko nyuzi ngapi hasa kutoka ncha ya jiwe, ungekosea. Kuongeza mafuta hakutulizi mtumbwi. Redio zetu husoma ujumbe kwa kuangalia kila mpigo umekaa pembe gani, na pembe hiyo hupimwa kwa kulinganisha na osileta, yaani saa ya ndani inayotengeneza yale mawimbi. Osileta ikiyumba, pembe inayumba. Huko kuyumba ndiko kelele ya fezi.

Kila ngazi ina uvumilivu wake. Ukiwa na nukta nne tu, mpigo unaweza kuzunguka nyuzi 45 kabla haujaingia kwa jirani. Kwa nukta 16, zile za pembeni kabisa zinavumilia takriban nyuzi 17. Kwa 64 ni kama nyuzi 7.7, kwa 256 nyuzi 3.7, na kwa hizo 1024 zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye vipeperushi ni nyuzi 1.8. Hesabu hii ni ya jiometri ya darasani, yeyote mwenye karatasi ya miraba anaweza kuirudia. Na hapo bado hujajumlisha kelele za kawaida zinazokula sehemu ya nafasi hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo lingemwokolea mzee wa Kirumba hela yake ya dishi. Kelele ya kawaida ya mpokeaji ina kiasi chake, ukiongeza nguvu ya mawimbi unaizidi. Kelele ya fezi imepandwa juu ya mawimbi yenyewe. Ukiongeza nguvu mara mbili, nayo inaongezeka mara mbili, uwiano unabaki vilevile. Hakuna dishi wala amplifaya itakayokuvusha.

Jaribio lake ni la dakika tano na halihitaji kifaa cha mamilioni. Linki ikiwa na nguvu ya kutosha lakini usafi mbaya, ingia kwenye redio upunguze nguvu ya kurushia kwa desibeli tatu, kisha utazame ile namba ya usafi. Ikizidi kuharibika, shida ni nguvu: mvua, dishi limegeuka, umbali, kebo. Ikiboreka, amplifaya ilikuwa inasukumwa kupita uwezo wake. Ikibaki palepale, mtuhumiwa wa kwanza ni kelele ya fezi, na muuzaji asikubabaishe na habari za mvuke. Ya Kirumba ilibaki palepale. Redio zenye uwezo wa kuchora nukta kwenye skrini zinamaliza ubishi kabisa: badala ya nukta kutawanyika pande zote sawasawa, za pembeni zinajinyoosha kuwa vitao vinavyouzunguka mchoro, na za katikati zinabaki zimetulia.

Kelele hiyo inatoka wapi? Hakuna anayetengeneza jigahezi 80 moja kwa moja kutoka kwenye kristali ya kwazi. Kristali nzuri ni ya megahezi 100 hivi, halafu saketi inayazidisha masafa mpaka yafike. Kila unapozidisha masafa mara mbili, kelele ya fezi inapanda desibeli sita, hata kama saketi ya kuzidishia ingekuwa kamilifu. Kutoka megahezi 100 hadi jigahezi 80 ni mara 800, na nguvu ya kelele inapanda kwa 800 mara 800, yaani mara 640,000. Kwa desibeli ni 58. Ndiyo sababu redio ya masafa ya chini yenye kristali ya bei rahisi inaweza kufanya kazi miaka bila lawama, na kristali hiyohiyo ikiwekwa kwenye redio ya jigahezi 80 ikatia aibu.

Kupunguza kelele hii ni kazi ya kiwandani kwa sehemu kubwa, na wahandisi wanajua wafanye nini tangu zamani. Mmarekani D. B. Leeson aliandika kanuni yake mwaka 1966: kelele ya osileta karibu na masafa yake inashuka kwa mraba wa ubora wa resoneta, kile kipuri kinachotetema na kuiwekea osileta masafa yake. Ukiongeza ubora mara mbili, kelele inabaki robo. Koili ndogo iliyochorwa ndani ya chipu ina ubora wa kumi na kitu, ishirini ikijitahidi. Resoneta ya kauri inayokaa nje ya chipu inafika maelfu. Kauri ni gharama, inachukua nafasi, inahitaji kurekebishwa kwa mkono, basi kwenye redio za bei rahisi huikuti. Njia ya kati ni kutengeneza osileta kwenye jigahezi 10 au 20, ambako vipuri vina ubora mzuri zaidi, kisha kuzidisha mara nne au mara nane, badala ya kulazimisha osileta ndogo izunguke kwenye 80 yenyewe. Hata aina ya transista inahesabika. Zile za silikoni na jerimani (germanium) za aina ya baipola zina kelele ndogo ya masafa ya chini kuliko zile za kawaida za chipu za kompyuta, na kelele hiyo ya chini ndiyo hupanda ngazi ikajibandika kwenye mawimbi ya juu.

Kisha kuna kitanzi cha kufungia fezi, ile saketi inayolazimisha osileta imfuate kristali. Upana wake ni uamuzi wa mhandisi. Kikiwa chembamba mno, osileta inaachwa ijiyumbie. Kikiwa kipana mno, kelele ya kristali na ya saketi ya kulinganishia, ikiwa imeshazidishwa, inapita yote. Mahali sahihi ni pale kelele hizo mbili zinapokutana, na mahali hapo hupatikana kwa kupima redio yenyewe, si kwa kunakili bodi ya mwenzako. Nimeshafungua redio mbili zenye maganda tofauti na majina tofauti, ndani bodi ni moja mpaka rangi ya kapasita.

Sehemu ambayo sisi mafundi wa huku tunaweza kuigusa ni umeme. Osileta inaendeshwa kwa volti, na chochote kinachotikisa volti kinatikisa masafa. Kirumba redio ya mlimani ilikuwa inakula umeme wa sola. Saa sita mchana, paneli zikiwa zimeshiba jua na betri imekaribia kujaa, chaji kontrola hukata na kuunganisha umeme kwa kasi ili isizidishe chaji, na mikato hiyo ilikuwa inapanda juu ya waya wa redio. Jioni inanyamaza. Hapo ndipo ulipokuwa ule "mvuke wa ziwa". Tulitenga betri ndogo kwa ajili ya redio peke yake, tukaweka kichujio na waya mnene wa kuingia ardhini (ethi), na linki ikapanda kutoka ngazi ya 16 hadi 64 mchana kweupe. Lakini 256 haikurudi, kwa sababu joto la ganda pale juu ya jiwe lilikuwa kali na osileta yenyewe ilikuwa dhaifu tangu kiwandani. Mwishowe tuliazima redio za aina nyingine, tukazifunga kwenye madishi yaleyale na nguzo zilezile. Zikakaa 256 kutwa nzima. Yale madishi makubwa hayakuwa na kosa lolote, ila hayakuwa na kazi pia.

Niongeze mtikisiko kwa kifupi: kristali ya kwazi husikia mtetemo, hivyo kufunga redio kwenye nguzo iliyoshikana na msingi wa jenereta ni kujitafutia maradhi. Nimeona hilo zaidi ya mara moja kwenye majengo ya ofisi za umma mjini.

Wapo watakaosema kuwa programu ya ndani ya redio husahihisha yote haya. Inasahihisha sehemu. Mrushaji huchanganya alama zinazojulikana katikati ya ujumbe, mpokeaji hutazama zimezunguka kiasi gani, kisha huzungusha ujumbe mzima kurudi mahali pake. Hiyo inafaa kwa kuyumba kwa polepole, na kwenye njia pana za mawimbi ya milimita mipigo inakwenda kasi sana, kwa hiyo kuyumba kwingi kunaonekana ni kwa polepole. Kinachobaki ni ile kelele tambarare, ya haraka, isiyofuatika, ambayo inabadilika kati ya mpigo na mpigo. Na hiyo inakusanywa katika upana wote wa njia. Tuseme redio ina kelele tambarare ya desibeli 125 chini ya mawimbi kwa kila hezi. Kwenye njia ya megahezi 250 inakupa kuyumba kwa takriban nusu nyuzi. Ipanue njia iwe jigahezi moja, inakuwa nyuzi moja. Mrushaji na mpokeaji kila mmoja analeta yake, jumla inakaribia nyuzi 1.4. Rudi kwenye zile 3.7 za ngazi ya 256 uone kilichobaki.

Ndiyo maana nawaonya wanunuzi kuhusu hila ndogo. Muuzaji akiulizwa kelele ya fezi, mara nyingi hutaja namba moja, ya umbali wa kilohezi 100 kutoka kwenye masafa ya katikati. Hiyo ndiyo sehemu ambayo programu inaimudu vizuri. Namba ya kilohezi 100 inaweza kuwa nzuri kabisa na redio ikashindwa kwenye njia ya jigahezi moja kwa sababu ya kile kilichoko mbali, megahezi 10, megahezi 100. Dai mchoro wote.

Nimesoma hati za zabuni za taasisi za hapa Kanda ya Ziwa. Zinataja kasi, zinataja nguvu ya kurushia, kipenyo cha dishi, miaka ya dhamana, mpaka rangi ya nguzo. Kelele ya fezi hakuna. Kasi nayo inaandikwa "hadi", na "hadi" haijawahi kumfunga mtu mahakamani. Mimi ningeandika hivi: mzabuni awasilishe mchoro wa kelele ya fezi ya osileta kwenye masafa ya kurushia, kuanzia kilohezi 1 hadi megahezi 100, uliopimwa ganda likiwa kwenye joto la juu lililotajwa na kiwanda, aonyeshe ngazi ya juu ya nukta inayofikiwa kwenye upana wa njia unaonunuliwa, si kwenye njia nyembamba ya maonyesho, na linki ipokelewe baada ya kufanya kazi saa 24 mfululizo siku isiyo na mvua, kumbukumbu za nguvu na za usafi zikiwa zimeambatishwa kwenye hati ya makabidhiano.

Gharama itapanda, sifichi. Redio yenye osileta nzuri ni ghali kuliko ile ya bodi ya kunakili. Kwa shule yenye linki ya mita 400 na kompyuta ishirini, redio ya kawaida ikikaa kwenye ngazi ya 16 inatosha kabisa, wasiuziwe ya bei kubwa kwa kutishwa na barua yangu. Lakini hospitali inayotuma picha za eksrei, au mnara unaobeba kata nzima, huko tofauti ya bei inarudi mapema.

Na sehemu ya malipo, hata asilimia kumi, izuiwe mpaka linki ipite kiangazi kimoja, saa sita mchana, chaji kontrola ikiwa kazini.

Fundi wa minara,
Nyakato, Mwanza